Dada wa Madereva Mia Nne

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mkono unauma tena. Kuanzia kiganja hadi kiwiko. Nimemaliza fomu ishirini na mbili leo. Roselida wa meza ya pili, thelathini na moja. Saa kumi Mzee Methuselah, mwenye ofisi, alipita nyuma yetu, akaangalia skrini yangu, akaangalia ya Roselida, akasema, "Akurut, lori ni nyingi." Basi. Akaenda zake kunywa chai.

Nilimwelewa. Kuna msichana wa Amagoro aliyemaliza diploma, kila Ijumaa anakuja kuuliza kama kuna nafasi. Ofisi yetu ya kupitisha lori hapa mpakani ina meza mbili tu.

Huu mfumo mpya wa mizigo utaniua! Ni ukurasa ndani ya ukurasa ndani ya ukurasa. Fremu ya nje ni ya lori. Ndani yake kuna fremu ya mzigo. Ndani ya hiyo tena, fremu ya dereva. Kila fremu inataka jina la ofisi, namba ya leseni, namba ya lori, tarehe. Mambo yale yale. Ukisahau ya ndani, ya nje inakataa, na inapokataa inafuta zote. Jina la ofisi yetu nimeliandika mara sitini na sita leo. Nimehesabu kwa hasira.

Jumatano, 5 Februari

Kliniki. Daktari kanibonyeza hapa na pale, kasema mishipa imechoka, nipumzishe mkono wiki tatu.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mama amenipigia kutoka Chakol. Anasema nije anikande kwa maji ya moto. Mama anaamini hakuna kitu maji ya moto hayaponyi. Sikumwambia habari ya msichana wa Amagoro. Miaka tisa kwenye kiti hiki, hakuna kazi nyingine ninayoijua.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeenda Busia kwa Titus, yule fundi wa kompyuta nyuma ya soko. Nilitaka kibodi laini. Akaniuliza naandika nini sana. Nikamwambia. Akaniangalia kwa huruma ya watu wa kompyuta, ile ya kukuona mjinga wa kudumu.

Anasema kuna kitu kinaitwa skripti. Programu ndogo unaiweka kwenye brauza, ukifungua ukurasa fulani tu, inajaza visanduku yenyewe. Wewe unaandika namba ya lori mara moja na mengine inajaza yenyewe. Ameniandikia maelekezo kwenye karatasi, na skripti yenyewe kanitumia kwa WhatsApp. Kasema, "Si uchawi, dada. Ni kuambia kompyuta ifanye ile kitu unafanya."

Mzee alikataza kuweka kitu chochote kwenye kompyuta za ofisi tangu tulipoingiliwa na virusi mwaka jana. Najua. Nitaiweka hivyo hivyo. Akipita nitafungua ukurasa mwingine.

Jumatatu, 10 Februari

Haikufanya kazi. Imejaza fremu ya nje tu, visanduku vinne, ikanyamaza. Fremu mbili za ndani tupu kabisa.

Nilijificha chooni kumpigia Titus. Anasema nimeiacha ikae nje. Lazima niiambie iingie kila fremu. Nikabadilisha mstari mmoja. Ya mzigo ikajaa! Ya dereva — bado. Kumbe fremu ya dereva inatoka anwani nyingine kabisa, mtandao mwingine, imepachikwa tu hapo. Ya nje hairuhusiwi hata kuichungulia. Inabidi skripti iwekewe anwani hiyo pia, izaliwe humo humo ndani.

Roselida aliuliza kama tumbo linanisumbua, kwa jinsi nilivyokuwa naenda chooni. Nikasema ndiyo.

Jumanne, 11 Februari

Leo imekuja na vituko vipya. Visanduku vyote vimejaa, macho yangu yanaviona, lakini nikibonyeza kutuma, mfumo unasema "Jaza sehemu hii." Nijaze nini tena? Kiko hapo!

Titus: mfumo haujui kwamba kuna mtu ameandika. Unaona maandishi lakini haujasikia vidole. Lazima kila kisanduku kiambiwe kimeguswa. Mstari mmoja zaidi. Na fremu ya dereva inachelewa kufunguka, kwa hiyo skripti iwe inagonga kila nusu sekunde mpaka mlango ufunguke.

Saa nane na dakika kumi — imepita. Lori la kwanza. Sekunde tisa! Nilikaa na mikono mapajani nikiangalia visanduku vikijaa vyenyewe, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Nilitaka kulia. Sijui kama ni furaha au ni uchovu wa miaka tisa.

Jumatano, 12 Februari

Kimebaki kitu kimoja. Chini kabisa ya fremu ya dereva kuna sehemu ya mtu wa kuarifiwa likitokea jambo. Jina, simu, uhusiano. Hiyo haiko kwenye karatasi za lori. Lazima umuulize dereva mwenyewe dirishani. Na madereva ndio wanaokula muda wangu. Unamuuliza, "Likitokea jambo tumpigie nani?" Mmoja anatafuta namba kwenye simu dakika kumi. Mwingine anaanza kuniambia habari za mkewe wa kwanza. Mwingine anasema, "Weka tu yako, sister, wewe ndio tunaona kila wiki," na anacheka. Mawakala wengi wa forodha hapa Malaba wanaweka namba za ofisi, kila mtu anajua. Na hakuna aliyewahi kupigiwa.

Nimeweka yangu. Jina langu, simu yangu. Uhusiano unachagua kwenye orodha. Mke ingeniletea kesi. Mama — sijazeeka kiasi hicho. Nimechagua Dada.

Sasa madereva wanaacha karatasi kwenye kikapu, wanaenda kula. Hakuna kuulizana.

Ijumaa, 14 Februari

Arobaini na moja! Mzee kasimama nyuma yangu muda mrefu, nikasikia anapumua. Akasema, "Sasa hiyo ndio kazi." Msichana wa Amagoro alikuja. Aliambiwa hakuna nafasi.

Roselida ananiuliza nakula nini siku hizi. Nimemwambia maji ya moto.

Jumanne, 18 Februari

Mkono unapoa. Nimelala usiku kucha bila kuuweka juu ya mto.

Alhamisi, 20 Februari

Willis Ogutu kapita leo. Mafuta ya kupikia, kwenda Kampala. Ni dereva ambaye hawezi kuacha karatasi kikapuni akaondoka, lazima asalimie. Mtu wa Osieko, ule ufuko wa wavuvi. Aliwahi kuniletea mbuta mkavu amefungwa kwa gazeti, akasema mwanamke wa ofisi asiye na samaki nyumbani anasikitisha.

Kagonga kioo. "Sister, siku hizi hamuulizi maswali?" Nikamwambia kompyuta inajua yote. Akacheka. Kisha akasema mama watoto amebadilisha laini, ile ya zamani imepotea, niandike mpya. Alikuwa ameshatoa simu mfukoni.

Nilikuwa na karatasi kumi na tano kikapuni. Nikasema, "Wacha tu, Ogutu. Siku hizi haihitajiki." Akarudisha simu mfukoni. Akasema sawa, akagonga kioo mara mbili, akaenda.

Ni kweli haihitajiki. Lakini nimeliwaza hilo mpaka sasa, sijui kwa nini. Labda kwa sababu ni mtu pekee aliyeniongelesha leo.

Jumatatu, 24 Februari

Joto. Vumbi. Foleni imefika hadi kule kwa mbao. Fomu thelathini na tisa. Sikuona uso wa dereva hata mmoja.

Jumanne, 25 Februari

Saa nne na nusu simu ikalia, namba ya Uganda. Mwanamke, ananiita mama kwa Kiganda. "Nyabo, wewe ni dada ya Ogutu Willis?"

Nikasema umekosea namba. Nikakata.

Nikaendelea na lori lililokuwa mbele yangu. Fremu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaona jina langu linajiandika. Akurut Brendah. Simu. Dada. Nikachukua simu nikatoka.

Nimeipigia ile namba kutoka nje, karibu na tangi la maji. Ni nesi wa hospitali upande wa Tororo. Lori lilipinduka alfajiri akirudi tupu. Ogutu yuko hai. Mguu wa kulia umesagika chini ya goti, na kichwa kimegongwa. Anafungua macho, anafunga, hajui yuko wapi. Kwenye kibali cha safari, kile kinachochapwa kutoka fomu yetu, wamekuta jina langu. Anasema daktari ataangalia mguu mpaka Alhamisi, lakini kama hautaamka watataka mtu wa familia wa kutia sahihi. "Bambi nyabo, usikate tena simu," akanisihi. Kwa upole kabisa. Afadhali angenitukana.

Nimefungua fomu zake za Januari, nilizojaza kwa mkono. Mtu wa kuarifiwa: Anyango, mke. Nimepiga. Haipatikani. Ndiyo laini iliyopotea, bila shaka. Na mpya alikuja nayo mpaka kwenye kioo changu, na mimi nikamwambia wacha tu.

Nimepiga ofisi ya wenye lori, Mombasa. Wanasema mtu wa madereva yuko safarini, nipige Ijumaa.

Nimehesabu. Fomu mia nne na kumi na nane zina jina langu. Kwenye barabara kutoka hapa hadi Kampala kuna wanaume mia nne na zaidi ambao wakipatwa na lolote leo, wake zao hawatajua. Nitajua mimi. Mimi nisiyewajua hata sura.

Jumatano, 26 Februari

Asubuhi nimezima skripti. Nilijaza lori nane kwa mkono, nikimwita kila dereva dirishani. "Likitokea jambo tumpigie nani?" Walinuna. Mmoja akaniuliza kama kuna jambo limetokea.

Saa sita nikaenda kwenye maegesho kuuliza. Dereva mmoja, Opio, amewahi kusafiri na Ogutu. Namba ya nyumbani hana. Anajua tu kwamba mkewe anauza omena, dagaa wa ziwa, ufukoni na watu wa soko wanamjua. Nikaenda sokoni. Mama Terry wa samaki huwa ananunua kutoka Osieko. Kanipa namba hata hajauliza kwa nini. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Siku nzima na zaidi, na namba ilikuwa kwenye simu ya Mama Terry, mita mia tatu kutoka kwenye kiti changu.

Nilipiga nikiwa nimesimama kati ya beseni za samaki. Niandike yote, maana sijawahi kuongea vibaya hivyo maishani.

"Mama, mimi ni Brendah, niko Malaba. Bwana yako amepata ajali. Yuko hai. Yuko hospitali Tororo."

Akauliza mara tatu, ako hai, ako hai kweli? Nikasema ndiyo. Nikamsikia anamwita mtu kwa Kijaluo, kishindo, kitu kimeanguka. Kisha akarudi, na sauti ilikuwa nyingine.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni wa ofisi, mama. Ofisi ya kupitisha lori."

"Ofisi gani inapigiwa na hospitali mbele ya bibi?"

"Namba yangu ndio ilikuwa kwa fomu."

"Kwa fomu umeandikwa nani yake?"

Ningesema uongo. Lakini atafika hospitali, ataonyeshwa. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa mwendo wa siku moja tu.

"Dada," nikasema.

"Willis hana dada. Kwao walizaliwa wanaume wanne."

Nikaanza kumweleza. Fremu ndani ya fremu. Kompyuta. Mkono wangu. Nikajisikia mwenyewe, nikiwa na mbuta karibu mia wananitazama, namweleza mwanamke ambaye mumewe amevunjika kwamba jina langu lilijiandika lenyewe. Hata mimi nisingeamini! Kila mke wa dereva kwenye barabara hii anaijua hadithi ya mwanamke wa mpakani. Sasa huyo mwanamke kampigia.

Akakata. Mama Terry alikuwa ameacha kupara samaki. Hakuniangalia tena machoni.

Jioni, kabla ya kufunga, nilimwambia Mzee. Mficha uchi hazai. Nikamwambia yote, skripti, namba, mia nne na kumi na nane, na kwamba kesho nataka kuvuka niende kwa Ogutu, asikae peke yake mpaka mkewe afike. Roselida alikuwepo, alijifanya anatafuta stepla. Nilidhani Mzee atapiga kelele. Alikaa chini. Alizeeka hapo hapo mbele yangu.

Kasema niifute hiyo kitu leo, na asubuhi tuanze kurekebisha fomu moja moja kimya kimya. Na nisivuke kwenda Tororo. "Ukienda kama dada, umedanganya mara ya pili. Ukienda kama ofisi, leseni yangu imeisha. Roselida ana watoto. Mimi niko na watu nyuma yangu."

Nikamuuliza, na Ogutu?

Akasema Ogutu ana mke, mke ameshaambiwa, kazi yetu imeisha. Kama nitavuka kesho, basi nimwachie Roselida funguo za ofisi.

Si mtu mbaya Mzee. Hilo ndilo linalonichosha. Ningempata mtu mbaya ningejua la kufanya.

Nimempigia Anyango mara nne. Hapokei. Mara ya tano kapokea mwanamume, nadhani shemeji yake, kasema mama anatafuta gari, wataondoka asubuhi, na nisipige tena.

Alhamisi, 27 Februari

Tororo. Benchi ya wadi ya wanaume. Naandika kwa sababu sijui mikono yangu niifanye nini.

Nilimpa Roselida funguo saa moja asubuhi. Alizishika kama zinachoma. Akasema, "Si ungeniambia tu hiyo skripti, tungegawana." Sijui alimaanisha kugawana kazi au kugawana makosa. Hakukuwa na muda wa kuuliza. Nikavuka daraja la mpaka.

Ogutu ni mrefu kuliko kitanda. Sikujua. Nimekuwa nikimwona kuanzia kifuani kwenda juu, nyuma ya kioo. Uso umevimba. Wamefunika mguu lakini harufu haifunikiki. Alifungua macho nilipoinama, akanitazama kwa muda, nikasema, "Ogutu, ni Brendah wa dirishani." Midomo ikacheza. Akafunga macho. Sijui kama alinijua.

Daktari ni kijana, hajalala. Kanichukua kando. Mguu umekufa na sumu inapanda. Ukatwe kabla ya saa sita, juu ya goti. Wakingoja jioni, haahidi kitu. Anataka sahihi ya familia kwa sababu mwaka huu wameshashtakiwa mara moja na watu waliofika wamechelewa. Akafungua faili. "Wewe ndiye dada."

Nikasema hapana. Nikasema mimi ni wa ofisi, ilikuwa kosa, mke yuko njiani. Akaniuliza mke yuko wapi. Nikasema anatoka Osieko. Akauliza atafika saa ngapi. Nikasema labda jioni. Aliangalia saa ya ukutani. Akasema, "Kwa faili hii sina mwingine ila wewe, madam. Uamue kama wewe ni mtu wake au si mtu wake. Mimi naenda kunawa."

Nesi yule yule wa simu akanionea huruma. Akapiga Anyango kwa simu ya wadi. Alipokea mara moja. Wako Port Victoria bado, karibu na kwao, gari waliloahidiwa halikuja, wanatafuta lingine. Nesi akamweleza mguu. Polepole, mara mbili. Nilisikia kilio upande ule, kirefu, na sauti za wanawake wengine zikikipokea. Nesi akasubiri. Kisha Anyango akauliza kitu, na nesi akasoma kwenye faili, neno kwa neno. "Akurut Brendah. Dada."

Akanipa simu.

"Uko hapo," Anyango akasema. Hakuwa anauliza.

"Niko, mama. Sema tu neno. Sema ndio, mimi nitaandika kwamba umesema wewe."

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Ako namna gani?"

Nikamwambia ukweli. Uso, kichwa, mguu, harufu. Nikamwambia alifungua macho. Nikasikia upepo wa ziwa kwenye simu.

"Huyo mtu anaendesha lori tangu ako na miaka ishirini na mbili," akasema. "Mimi siwezi kusema akatwe. Siwezi kusema aachwe. Usiniulize hiyo mambo kwa simu." Kisha, "Wewe ndio wameandika. Sahihi weka wewe. Lakini akiamka bila mguu, kaa hapo. Umwambie wewe nani alisema ndio."

Simu ikakatika. Sijui kama ni yeye au ni mtandao. Nimepiga tena, inaita tu.

Saa tano na robo. Fomu iko mapajani kwangu. Ya karatasi, kurasa mbili. Nimeijaza jina lake, umri nimekisia, Osieko. Hapo chini ndipo sijaandika. Nikiandika dada, ni uongo na Mzee amesema kweli. Nikiandika ofisi, haikubaliki. Nikiacha, saa sita inafika.

Nimeogopa. Si kazi ninayoogopa tena, hiyo nimeshaitoa moyoni pale darajani. Naogopa macho ya Ogutu yakifunguka jioni na kunikuta mimi.

Nesi amerudi. Amesimama mbele yangu na kalamu yake, kwa sababu ameona yangu haiandiki. Anauliza kama nyumbani tumeelewana.

Nimechukua kalamu yake, nimemwambia anipe dakika tano, na kwamba Ogutu akiamka atanikuta hapa.